Vijana Wasio na Wazazi: Khabari za Malezi katika Nakivale na Mbarara

 Wakubwa wa Jumuiya yetu waliniamuru niandike khabari chache za kale kwa ajili ya kitabu hiki cha ukumbusho, wakaniachia nichague mwenyewe jambo la kuandika. Khabari za kujengwa misikiti ya Mbarara na za masheikh waliotutangulia zimekwisha andikwa na wenye elimu kunishinda, wala msomaji hatapata faida kuzisoma mara ya pili kwa kalamu iliyo dhaifu zaidi. Mimi ni mtu wa chuoni na wa darasa la saba, basi. Nimeona niandike juu ya jambo tunalolijua sote na hatulisemi sana, nalo ni khabari za vijana wasio na wazazi waliomo mikononi mwa serikali, khasa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na shida iliyopo tangu zamani ya kuwapatia nyumba za kuwalea.

Nasema vijana, wala sisemi watoto. Mtoto wa miaka 3 aliyeokotwa njiani hakosi mtu wa kumbeba. Wanawake hushindana kwa ajili yake, na mwenye kumpata hushukuru. Lakini kijana wa miaka 14 au 15, ambaye sauti yake imekwisha kuwa nzito, aliyeona vita kwa macho yake, mwenye hasira za ghafla na usingizi wa vipande vipande, huyo huzungushwa mlango hata mlango. Kila mtu humwonea huruma, na kila mtu husema kwamba jirani yake ana nafasi zaidi. Nimeliona hili mara nyingi, kwa kuwa nimekuwa nikiitwa Nakivale kutafsiri na kushuhudia, na kwa aibu nakiri kwamba nimelitenda pia, kama nitakavyoeleza mbele.

Msomaji aliye kijana labda hajui kwamba Nakivale ni makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote katika Uganda, na ni katika yale ya kale zaidi Afrika nzima. Yako kadiri ya kilomita 60 kutoka Mbarara, kandokando ya ziwa lenye jina hilo, katika nchi ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya ufalme wa Ankole na baadaye ya wilaya ya Mbarara, mpaka ilipokatwa ikawa wilaya peke yake katika miaka ya 2000. Mwanzo wake huhesabiwa tangu mwaka wa 1958, na serikali ya Kiingereza iliyatambua rasmi katika mwaka wa 1960, baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka wa 1959 kuwatoa maelfu ya Watutsi makwao. Walivuka mpaka na ng'ombe wao, na wazee wao, na majirani wa kilima kimoja. Ndipo ilipowekwa sheria ya wakimbizi ya mwaka huo wa 1960, nayo ilishughulika zaidi na mahali mkimbizi atakapokaa na ruhusa ya kutoka. Juu ya mtoto asiye na mtu haikuwa na maneno mengi. Wala hayakuhitajiwa sana siku zile. Mtu aliyekimbia pamoja na kilima chake chote hana yatima asiyejulikana, kwani yatima wa fulani ni mpwa wa fulani, na mpwa hulala nyumbani kwa mjomba wake.

Kabla ya hao Uganda ilikwisha pokea wakimbizi wa mbali zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tangu mwaka wa 1942, watu wa Poland waliletwa wakakaa Nyabyeya, karibu na Masindi, na Koja, kando ya ziwa Viktoria. Wenzao wengi zaidi walikaa Tengeru, karibu na Arusha, na huko kulikuwa na nyumba ya mayatima. Vita vilipokwisha, mayatima wa Tengeru zaidi ya 100, na wengi wao walikuwa vijana, walichukuliwa Kanada katika mwaka wa 1949, ingawa serikali mpya ya Poland iliteta ikitaka warudishwe kwao. Serikali mbili zikashindana kwa ajili ya watoto ambao, walipokuwa wakivuka Urusi na Uajemi kwa njaa, hapakuwa na aliyewauliza jina. Lakini khabari hiyo ni ya pembeni, na turudi kwetu.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa na fikira yake juu ya kijana mkaidi, nayo ni kumweka mahali pamoja na wakaidi wenzake, apewe jembe, randa na kengele ya kuamkia. Katika miaka ya 1950 ikatungwa sheria ya shule za namna hiyo hapa Uganda, na Kampiringisa, katika nchi ya Mpigi, likawa jina la kutishia watoto. Nakumbuka sisi wenyewe tulivyokuwa tukiambiwa, tukivunja kitu au tukikimbia chuo, kwamba tutapelekwa Kampiringisa. Na hatukujua kama ni mji, au ni mnyama. Kituo hicho kingaliko hata leo, nacho huitwa kituo cha taifa cha marekebisho. Sisemi kwamba hakuna aliyetengenea huko. Nasema kwamba kijana wa Mbarara akipelekwa Mpigi huwa mbali sana na kila mtu anayemjua, na siku ya kutoka swali ni lile lile la siku ya kuingia: atalala wapi?

Sasa nifikie mwaka wa 1979, ambao kwa Waislamu wa Ankole hauhitaji maelezo marefu. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka katika mwezi wa Aprili, watu wengi walitulipiza sisi makosa ya mtu mmoja kwa kuwa jina lake na majina yetu yalikuwa ya dini moja. Waislamu waliuawa, nyumba na misikiti ikaharibiwa, na mauaji ya Kiziba ya katikati ya mwaka ule ndiyo yanayokumbukwa zaidi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 8. Nakumbuka jioni moja wazee walileta msikitini wavulana watatu ambao watu wao walikuwa wamekwisha. Wawili walikuwa wadogo, na kabla ya adhana ya Isha walikwisha chukuliwa. Wa tatu alikuwa wa miaka 14 hivi. Watu walisali, wakatoka, wakampa mkono, wakaenda zao. Naye akabaki ameketi kwenye mkeka karibu na viatu.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili. Alirudi kutoka nje, akavaa viatu, akavivua tena, akamwendea. Kijana yule alikaa kwetu miaka saba. Muda wa miezi mingi hakulala kitandani. Alilala mlangoni, na chini ya mkeka wake aliweka panga. Mama alilijua panga lile na hakulitaja hata siku moja. Kila usiku alimwachia taa ndogo ikiwaka, na mafuta ya taa siku zile yalikuwa ghali na adimu, hata baba akanung'unika. Asubuhi moja tukaona panga limewekwa pamoja na majembe, na tangu siku hiyo halikurudi mlangoni. Si kwamba alipata kuwa malaika. Aliwapiga wanafunzi wenzake, alimjibu baba maneno mabaya mbele ya wateja, akatoroka mara mbili. Mara zote mbili baba alimfuata kwa baiskeli. Leo ni dereva wa lori, ana wajukuu, nasi twamwita kaka.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu watu husema kwamba malezi ya kijana wa vita ni elimu mpya iliyoletwa na mashirika. La, Waislamu wa mji huu walikwisha yajua, kwa msiba wao wenyewe, kabla shirika lolote halijafika kuwafundisha. Ajabu yangu ni kwamba tumeyasahau upesi.

Katika mwezi wa Oktoba 1982, msiba uliwaangukia wengine. Watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika nchi ya Mbarara, nyumba zao zikachomwa na ng'ombe wao wakachukuliwa. Maelfu walivuka kuingia Rwanda, wengine wakazuiwa mpakani Merama Hill, na wengine wakasongamana katika Nakivale na Oruchinga. Hapo ule utaratibu wa kilima kimoja ulivunjika, kwa kuwa watu walikimbia usiku na kila mmoja njia yake. Vijana wengi wa kiume wa makazi hayo walikwenda msituni kujiunga na jeshi la Bwana Museveni. Na katika jeshi lile lile walikuwamo watoto wa Luwero, mayatima wa vita, walioitwa kadogo. Baada ya mwaka wa 1986 serikali iliwafungulia kadogo shule hapa hapa Mbarara, katika eneo la jeshi. Basi tazama jinsi mambo yanavyokwenda: kijana asiyepata nyumba hupata kambi. Wako waliotoka humo wakawa watu wakubwa, lakini hakuna mzazi anayemtakia mwanawe njia hiyo.

Mauaji ya Rwanda ya mwaka wa 1994 yaliwarudisha kwao wengi wa wakimbizi wale wa zamani, na baada yao wakaja wengine wa kabila jingine, na kisha Wakongomani wa vita vya 1996 na vya 1998, na Warundi, na Wasomali, na Waethiopia. Nakivale ya leo ina watu waliozidi sana 100,000, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha katika soko la Base Camp, la Juru na la Rubondo. Katika mwaka ule wa 1994 na ile iliyofuata, watoto waliopotezana na wazazi wao katika nchi hizi za maziwa walikuwa makumi ya maelfu, hata Shirika la Msalaba Mwekundu na la watoto la Umoja wa Mataifa wakawa wakibandika picha zao kambini ili wazazi wawatambue. Serikali ya Rwanda iliwataka raia wawachukue majumbani, na wengi waliwachukua, jambo la kusifiwa sana. Lakini huko nako wakubwa ndio waliobaki, wakawa wanakaa peke yao, msichana wa miaka 15 akiwa ndiye mama wa wadogo zake wanne.

Kwa upande wa sheria, Uganda ilijitahidi. Kamati iliwekwa katika mwaka wa 1990 kuzitazama sheria za watoto, na Sheria ya Watoto ikapitishwa katika mwaka wa 1996. Ndani yake mmewekwa kanuni za kumpa mtu mtoto amlee bila ya kumfanya kuwa mwanawe wa haki: mwenye kutaka hupeleka ombi kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, nyumba yake hukaguliwa, naye hutembelewa baada ya kupewa. Tena imo kanuni inayotuhusu sisi: mtoto ambaye dini yake yajulikana apewe mlezi wa dini hiyo, au mlezi atakayeahidi kumlea katika dini hiyo. Katika mwaka wa 2016 sheria ilirekebishwa, khasa kuwazuia wageni wasiwachukue watoto wetu kwa haraka, kwa kuwa biashara mbaya ilikuwa imeingia. Na katika mwaka wa 2006 ilikwisha tungwa sheria mpya ya wakimbizi, iliyo pana kuliko ile ya 1960.

Hapa sharti niseme neno juu ya fikihi, kwani wako wanaojificha nyuma yake. Husemwa kwamba Uislamu umekataza kupanga mtoto. Kilichokatazwa, katika Suratul-Ahzab, ni kumgeuzia mtoto nasaba, aitwe kwa jina la asiyemzaa. Na sababu yake yajulikana katika kisa cha Zaid bin Haritha. Kumlea, kumlisha, kumsomesha na kumwoza ni kafala, na kafala ni katika amali bora. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimfikie, alikuwa yatima aliyelelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib. Bibi Maryam alikuwa katika ulezi wa Nabii Zakaria. Na anayedhani kwamba khabari hizo ni za watoto wadogo tu na amtazame Anas bin Malik, aliyeletwa na mama yake kwa Mtume akiwa wa miaka 10, akakaa naye miaka 10, yaani umri ule ule tunaouogopa. Na yeye mwenyewe ameeleza kwamba katika muda wote huo hakuambiwa neno la kukemewa. Baba mmoja wa mji wetu, nilipomsimulia khabari hii, alinijibu kwamba Anas hakuwa mtoto wa Nakivale. Sikuwa na jibu siku ile.

Walakini uzito wa kweli upo, nao si wa kuufanyia mzaha. Mvulana wa miaka 15 asiye mahram akiingia katika nyumba ya vyumba viwili yenye mke na mabinti, wote hao watajisitiri tangu asubuhi hata usiku ndani ya nyumba yao wenyewe. Nyumba ya Abu Hudhaifa, Sahaba wa Mtume, ilipata dhiki hiyo hiyo kwa ajili ya Salim waliyemlea, na ruhusa aliyoipata mkewe wanavyuoni walio wengi wamesema ilikuwa ya nyumba ile tu. Basi watu wa Nakivale wenye akili wamepata njia yao: hujenga kibanda kidogo ndani ya ua ule ule, mvulana akalala humo pamoja na mtoto wa kiume wa nyumba, akala chungu kimoja nao. Kibanda cha miti na udongo si gharama kubwa. Niliwaona Wasomali wakifanya hivyo, na Wakongomani pia, na fitina ikaepukwa.

Kwa wasichana shida ni nyingine, wala sitaificha kwa sababu ni ya kwetu. Msichana wa miaka 15 asiye na mtu hakosi nyumba za kumtaka, ila anayemtaka mara nyingi anamtaka kwa kazi za jikoni, au anamtakia mwanawe. Mimi mwenyewe nimeletewa wasichana hao nifunge ndoa, nikaambiwa kwamba ndoa ni sitara yake. Katiba ya Uganda ya mwaka wa 1995 imeweka miaka 18, na sheikh anayefunga chini ya hapo anavunja sheria ya nchi. Lakini tusiiache dini nyuma ya serikali. Bibi Aisha alimweleza mpwa wake Urwa kwamba aya ile ya mwanzoni mwa Suratun-Nisaa iliteremka kwa ajili ya walezi waliokuwa na mayatima wa kike majumbani, wakapenda uzuri wao na mali zao, wakataka kuwaoa pasipo kuwapa haki yao. Mwenye kulea ili aoe, au aoze mwanawe, alikwisha jibiwa tangu zama hizo. Niliwarudisha watu wale, na wawili kati yao hawanisalimii mpaka leo.

Jinsi mambo yanavyofanywa sasa ni hivi. Kijana anayefika peke yake, kwa mfano kwa njia ya Bunagana na kituo cha Nyakabande katika Kisoro, hupelekwa mapokezi ya Nakivale, huandikwa na Ofisi ya Waziri Mkuu na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na huulizwa habari zake na wafanyakazi wa watoto. Kwanza hutafutiwa jamaa. Asipopatikana, hutafutiwa mtu wa lugha yake na wa nchi yake aliyekwisha kubali kulea. Walezi hao ni wakimbizi kama yeye. Hawalipwi mshahara, kijana huja na fungu lake la chakula, au fedha ya chakula, akahesabiwa katika nyumba hiyo. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika katika miaka hii ya karibu. Mwezi wa Aprili 1920 na kitu ulikuwa na nzige katika khabari za wazee. Wetu wa Aprili 2020 ulikuwa wa kupunguzwa posho kwa sehemu 30 katika 100, na mwaka wa 2021 ikapunguzwa tena, na katika mwaka wa 2023 watu wakagawanywa kwa mafungu, wengine wakipata kidogo na wengine wasipate. Katika mwezi wa Mei 2025 watu kadiri ya 1,000,000 katika nchi nzima waliondolewa katika chakula hicho. Sasa mwambie mjane mwenye watoto watano ampokee mvulana wa miaka 16, ambaye njaa yake ni ya watu wawili. Watu wa ofisini husema kwamba moyo wa kulea umepungua. Mimi nasema unga ndio uliopungua.

Liko na jambo la safari. Wakimbizi wengi wana tumaini la kupelekwa Marekani, Kanada au Ulaya, na kijana aliyefika peke yake huaminiwa kuwa yu karibu na ndege kuliko wengine. Kwa hiyo wamekuwako walezi waliompokea mtoto kama tikiti, na ndege ilipochelewa wakamchoka. Na wamekuwako vijana waliokataa kulelewa wakidhani kwamba wakiandikwa katika nyumba ya mtu jina lao litafutwa katika orodha. Marekani ina mpango wa kuwapokea vijana wakimbizi wasio na wazazi na kuwagawa kwa familia za huko, tangu miaka ya 1980, na Wakongomani wengi walipita humo. Na huko nako Waislamu wamelalamika kwamba nyumba za Kiislamu zilizoandikishwa ni chache, hata vijana wa Kirohingya wakalelewa katika nyumba za Wakristo, ambao twawashukuru kwa wema wao. Mlango wenyewe ulifungwa katika mwezi wa Januari 2025, serikali ya huko iliposimamisha kupokea wakimbizi. Na mwezi huo huo mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa M23, na Bukavu katika Februari, na mabasi ya kutoka Kisoro yakazidi kujaa.

Sasa nieleze langu. Katika mwaka wa 2014 niliombwa na ofisi moja nimkae mvulana wa miaka 15 kutoka Kivu, Mwislamu, aliyekwisha kaa katika nyumba tatu za Nakivale na kutolewa zote. Ofisi ya kamanda wa makazi iliandika barua ya ruhusa, nikamleta Mbarara. Nilimpa chumba cha nyuma ya madrasa. Alijua Kurani vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, na sauti yake ilikuwa nzuri. Lakini alitoka usiku bila kuaga, alidanganya katika mambo madogo yasiyohitaji uwongo, na nikimwuliza hunitazama tu. Mke wangu alinionya kwamba nina haraka naye. Katika mwezi wa tano, fedha za madrasa, shilingi 180,000, zikakosekana sandukuni. Nilimwuliza mbele ya watu, baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti ambayo watu wa barabarani waliisikia. Alikubali. Kesho yake asubuhi nilimrudisha Nakivale katika gari la abiria, na njia nzima hatukusemezana.

Baada ya miezi ndipo nilipojua, kwa mtu mwingine, kwamba sehemu ya fedha zile alimpa mwenye pikipiki kwenda Kisoro na nyingine akazitumia kwa simu, akimtafuta dada yake mdogo waliyepotezana njiani. Nyingine alizila tu, kama kijana yeyote. Lakini mimi sikumwuliza fedha zilikwenda wapi, wala safari zake za usiku zilikuwa za nini. Baba yangu alimfuata mwizi wa usingizi wake kwa baiskeli mara mbili; mimi mara ya kwanza nilikodi gari ya kumrudisha. Nilipokwenda Juru kumwomba radhi alinipokea kwa adabu, akanipa kigoda, akanikaribisha chai. Dada hakuwa amepatikana, wala hajapatikana hata leo.

Alikataa kurudi kwangu, na ofisi ikamwacha akae na wavulana wenzake wawili katika kibanda chao, mfanyakazi mmoja akiwatembelea. Alijifunza kutengeneza baiskeli na sasa ana meza yake sokoni. Kila Idi huja Mbarara kutusalimu, humletea mke wangu samaki wa ziwani, na kabla ya Alasiri huondoka. Kulala kwangu hajalala tena.

Mwaka huu, baada ya khabari za Goma, alikuja siku isiyo ya Idi. Alikuwa na karatasi. Katika wageni wapya alimkuta mvulana wa miaka 14 aliyekataliwa na nyumba mbili, asiyesema na mtu, naye ameomba apewe yeye amlee. Yeye sasa ni mtu wa miaka 26, hajaoa, nyumba yake ni chumba kimoja. Na ofisi ilimtaka alete mtu mzima wa kumshuhudia tabia yake. Akaniuliza kama nitaweza. Nilimwuliza kwa nini hakwenda kwa imamu wa Juru aliye karibu naye. Akasema, "Sheikh, imamu ananijua kwa mazuri tu."

Nilitia sahihi yangu, na mke wangu akatia yake chini. Karatasi hiyo ingali mezani kwa afisa, na mvulana yule mpya angali mapokezi, siku hii ninapoandika.